Ninapanga safari ya Mombasa kutafuta ukoo wa babu yangu: nianzie wapi?

Mjukuu wa Bukoba

Assalaam aleikum, na wakubwa wote nawaamkia kwa heshima.

Mimi ni mzaliwa na mkazi wa Bukoba, lakini babu mzaa baba alikuwa mtu wa Mombasa. Alipanda reli hadi Kisumu, akapata kazi katika meli za ziwa, kisha akateremka Bukoba, akamwoa bibi yetu ambaye ni Mhaya, na hakurudi tena pwani mpaka alipofariki. Baba yangu aliijua Mombasa kwa masimulizi tu, na sasa naye ametangulia mbele ya haki. Nimeazimia kwenda kuutafuta ukoo wetu kabla wachache wanaokumbuka chochote hawajatutoka.

Nilicho nacho ni kidogo. Babu alikuwa akisema kwamba yeye ni Mkilindini na kwamba kwao ni Kuze, karibu na msikiti. Tunalijua jina lake, la baba yake na la babu yake. Zaidi ya hayo ipo karatasi moja ambayo shangazi ameitunza miaka yote, nayo ni cheti cha ndoa kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kimekunjwa mara nne, wino umegeuka kahawia, na pale penye mkunjo wa katikati mdudu amekula maneno, hivyo kiasi cha mahari hakisomeki. Maalimu wa hapa alinisomea yaliyosalia: mwaka ni 1345, jina la babu limo, mashahidi wawili wametajwa, na jina la bibi harusi pamoja na la baba yake yanaonekana vizuri. Majina yenyewe sitayaandika hadharani. Huyo bibi harusi si bibi yetu, na hakuna hata mmoja katika familia aliyewahi kusikia habari zake.

Naomba ushauri wa wenyeji. Je, nianze kwa wazee au ofisini? Nyaraka za miaka hiyo zinapatikana Mombasa kwenyewe au ni lazima niende Nairobi? Na habari ya mwanamke huyo, ni jambo la kuulizia waziwazi, au ni heri nilinyamazie ili nisifukue yaliyowauma watu? Naomba ieleweke kwamba sina dai lolote la nyumba wala la shamba. Ninachotaka ni kuwajua watu wangu.

Bi. Mkubwa wa Kibokoni

Wa aleikum salaam, na marahaba mwanangu. Mimi nimezaliwa Kibokoni na ndiko niliko mpaka leo, kwa hiyo nitakujibu ya mitaani, na ya ofisini nitawaachia wanaoyajua.

Kwanza nikutoe wasiwasi, kwa kuwa ulicho nacho si kidogo. Wengi hutujia na neno moja tu, kwamba babu alikuwa mtu wa Mombasa, na neno hilo halimfikishi mtu popote katika mji ambao umepokea watu wa kila upande kwa karne nyingi. Wewe una taifa, una mtaa, na una majina matatu yanayofuatana. Waswahili wa asili wa Mombasa hujihesabu kwa mataifa kumi na mawili, Thenashara Taifa, yaliyogawanyika pande mbili. Upande mmoja ni Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Upande wa pili ni Tisa Taifa, na humo wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza na wengineo. Zamani kila upande ulikuwa na tamimu wake aliyesema kwa niaba ya watu wake. Kuze ni mtaa ambao tangu hapo umehusishwa na Thelatha Taifa, hivyo maneno ya babu yako yanaafikiana, na mzee yeyote utakayemwambia hivyo ataona kwamba una mahali pa kushika.

Sasa nakuomba ubadili kidogo mtu unayemtafuta. Babu yako aliondoka kijana. Hakuzikwa hapa, hakujenga hapa, na rika lake lote limekwisha, kwa hiyo watakaomkumbuka yeye ni wachache mno, kama wapo. Mtafute yule bibi harusi. Yaelekea yeye alibaki, na aliyebaki huacha athari: alirudi kwa baba yake au aliolewa tena, alizaa au hakuzaa, alizikwa hapa, akasomewa khitma hapa, na wapo wajukuu wa ndugu zake ambao hata leo wanamtaja kwa jina. Isitoshe, katika miji yetu ya pwani familia nyingi zenye uwezo zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba, au sehemu ya nyumba, anapoolewa, ili akiachwa au akifiwa na mume asitangetange. Nyumba za namna hiyo zilifuata upande wa wanawake, na majina ya wanawake hao yalidumu mitaani hata pale ambapo waume zao walisahaulika. Ukilishika jina la baba yake bibi harusi, umeshika kamba iliyofungwa kwenye nguzo.

Ndiyo sababu nakushauri usije peke yako. Njoo na shangazi yako, au dada yako, au mkeo. Wewe mwanamume utapokewa barazani baada ya alasiri, utapewa kahawa chungu na kaimati, na wazee watakusimulia habari za bandari, za masheikh na za siasa za zamani, nazo zina faida yake. Lakini habari za nani alimwoa nani, nani alimnyonyesha mtoto wa nani, na nani aliachwa akiwa na mimba, ziko ndani kwa wanawake, na huko wewe hutaingia. Shangazi yako ataingia, atakaa mkekani, na kwa siku moja atasikia mengi ambayo wewe hutayapata kwa mwezi mzima.

Kuhusu kunyamaza, mimi naona usinyamaze. Ikiwa mama huyo alizaa na babu yako, basi una ami au shangazi, au watoto wao, ambao wameishi na kufa bila kujua kwamba wana ndugu Bukoba. Kuunga udugu ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la historia. La muhimu ni namna ya kuulizia. Mgeni anayekuja kuuliza habari za nyumba ya zamani huleta hofu, kwa sababu viwanja vya kisiwani vimekuwa na thamani kubwa na kesi za mirathi zimewafarakanisha ndugu wengi. Usianze na nyumba. Nenda ukaswali Kuze, mwone imamu baada ya sala, mweleze wewe ni nani na mtoto wa nani, na useme mapema, mbele ya watu wawili watatu wanaoheshimika, kwamba hukuja kudai chochote. Kisha taja majina ya marehemu na uombe dua. Wala usipige picha mlango wa mtu kabla hujabisha hodi na kusalimu.

Jambo la mwisho ni makaburi. Watu wengi kutoka mbali hudhani watafika Kikowani au Manyimbo na kusoma majina juu ya mawe. Wazee wetu wengi walizikwa bila maandishi yoyote, kwa kufuata sunna, na kaburi la familia hulijua yule tu aliyeonyeshwa na mkubwa wake. Kwa hiyo makaburini utakwenda ukishapata wa kukuonyesha.

Karani Mstaafu

Naunga mkono yote aliyoyaandika Bi. Mkubwa, hasa lile la kumtafuta mke, kwa sababu hata katika makaratasi mambo huwa hivyo hivyo.

Mwaka 1345 wa Hijria ulianza Julai 1926 ukaisha katikati ya 1927. Wakati huo sheria ya kusajili ndoa na talaka za Waislamu ilikuwapo tangu 1906, maana yake ni kwamba huenda daftarini haikuandikwa ndoa peke yake, bali na talaka pia, kama ilitolewa. Talaka hiyo, au kukosekana kwake, ndiko kutakuambia kama babu aliondoka mjini akiwa bado ana mke. Andika ombi kwa Mahakama ya Kadhi ya Mombasa kabla hujasafiri, utaje tarehe kwa Hijria na kwa Miladi, na uambatishe nakala ya cheti. Ombi lililotangulia mwenyewe huwapa makarani muda wa kutafuta madaftari ya zamani, ambayo hayakai juu ya meza. Mashahidi wawili nao usiwapuuze. Shahidi wa ndoa kwa kawaida ni jirani, rafiki au jamaa wa karibu, na huenda ukoo wa shahidi ukawa unajulikana vizuri leo hata kama wa bwana harusi umefifia.

Ningependa pia karatasi hiyo isomwe na mtu wa pili, ikiwezekana mtu wa pwani aliyezoea maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa sauti zaidi ya moja: herufi ya *f* ilisimama pia mahali pa *v*, na herufi ya *b* ilibeba *p* na *mb*. Majina ya Kiarabu hayasumbui sana, lakini jina la kienyeji au jina la utani linaweza kusomwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Utakapohamia kwenye nyaraka za Kiingereza, matatizo huwa mengine: Athumani wa kwenu ataandikwa Othman au Athman, Hamisi atakuwa Khamis, na Shee atakuwa Sheikh. Andika namna zote katika daftari lako kabla hujafungua faili lolote.

Upande wa ardhi, mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, na wenye mali wakatakiwa kuwasilisha madai yao. Wengi ambao hawakudai walipoteza haki zao, na machungu ya jambo hilo hayajaisha hadi leo. Kwa mtu anayetafuta ukoo, hata hivyo, madai na hati za aina hiyo ni hazina, kwa sababu mpaka wa kiwanja mara nyingi ulielezwa kwa majina ya majirani. Unaweza kuukuta ukoo wa bibi harusi umetajwa pembezoni mwa kiwanja cha mtu mwingine. Kama nyumba yao iliwekwa wakfu, Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa, na waraka wa wakfu humtaja aliyeweka na wale aliowakusudia kunufaika, wakati mwingine kizazi baada ya kizazi. Ila hapo tena utahitaji kueleza nia yako kwa uangalifu, kwa sababu zile zile alizozitaja Bi. Mkubwa.

Kwa kuwa kutoka Bukoba yaelekea utapitia Mutukula, Kampala na Nairobi, simama Nairobi ukiwa njiani. Kumbukumbu za Taifa ziko Moi Avenue, katika jengo lililokuwa benki zamani, na humo yamo mafaili ya utawala wa Mkoa wa Pwani. Nenda na pasipoti au kitambulisho, na uwe na majina na miaka, si hadithi nzima, kwani mhudumu anatafuta kwa orodha ya mafaili. Idara hiyo ina kituo Mombasa pia, lakini usidhani kila kilichoko Nairobi kina nakala huku. Hapo Nairobi kuna na Makumbusho ya Reli. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na meli za ziwani ziliendeshwa na shirika lile lile la reli, kwa hiyo kuuliza huko kuhusu wafanyakazi wa meli si kupoteza wakati.

Fort Jesus wageni wengi huichukulia kama mahali pa kutazama mizinga, lakini ndani ya ngome hiyo, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kuna maktaba na watu wanaofanya kazi ya utafiti wa utamaduni wa pwani. Omba kuonana nao. Zanzibar iache kwa safari nyingine. Ni kweli kwamba ukanda huu ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani mpaka 1963, na kwamba hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani ni tajiri, lakini swali lako ni la mtaa mmoja na linajibika Mombasa.

Nakusihi pia usiipeleke karatasi hiyo kutiwa plastiki kwa mashine ya moto. Nimeona hati nyingi zikiharibiwa na watu waliokuwa wakizipenda. Ipige picha pande zote mbili, mchana, bila mwanga wa kamera, kisha ihifadhi ikiwa imenyooshwa ndani ya bahasha safi ya karatasi, na Mombasa uje na nakala tu.

Mtoto wa Frere Town

Ndugu yangu wa Bukoba, mimi ni Mkristo wa ng'ambo ya kaskazini, na ukoo wangu hauna taifa miongoni mwa hayo kumi na mawili. Kijiji chetu kilianzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, wakasaidiwa na wenzao waliokuwa wamelelewa India, ambao waliitwa Waafrika wa Bombay. Mnara wa kengele ya kijiji bado umesimama pale Kengeleni. Sisi tunapotafuta asili zetu hutegemea madaftari ya ubatizo, na majalada ya CMS ambayo leo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na mara nyingi tunachokikuta ni jina jipya la Kizungu lililoandikwa kwa mwandiko mzuri, huku jina ambalo mama alimpa mtoto wake halimo.

Naandika haya kwa sababu kuna jambo ambalo nadhani unapaswa kulibeba moyoni kabla ya safari. Mtu wa kizazi cha babu yako aliyesema "mimi ni Mkilindini" aliweza kuwa hivyo kwa damu, na aliweza kuwa hivyo kwa kuwa wazazi wake walikuwa wazalia, watu waliozaliwa utumwani katika nyumba ya Wakilindini, wakachukua jina la nyumba hiyo. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Kijana aliyeoa mwaka 1926 au 1927 alizaliwa karibu na wakati huo, na wazazi wake waliishi kabla ya hapo. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwenu, wala sina sababu ya kudhani hivyo. Nasema tu kwamba mzee akisita kukujibu, au akikujibu kwa mkato, huenda hakufichi kwa ubaya bali anakusitiri, na ni juu yako kumwonyesha kwamba utalipokea jibu lolote bila kuona haya. Kwetu tumejifunza kuwataja wazee hao kwa sauti, kwa kuwa haya haikuwa yao, ilikuwa ya waliowauza na kuwanunua.

Ukipata nafasi, vuka daraja la Nyali uje ututembelee, na ufike Rabai pia, kituo cha kale cha wamisionari hao hao.

Mjukuu wa Bukoba

Nawashukuru sana, na nimeyasoma maandishi yenu mbele ya shangazi, neno kwa neno. Habari ya Mtoto wa Frere Town ilimfanya akae kimya kwa muda, kisha akasema kwamba babu hakupenda kuulizwa habari za mama yake, na kwamba jina la mama huyo ndilo peke yake ambalo hakuwahi kulitaja. Sijui hilo lina maana gani, lakini nimeliandika.

Shangazi amekubali kusafiri nami, ila ana umri mkubwa na magoti yanamsumbua. Naomba mnishauri kuhusu majira. Mwenzangu mmoja ananiambia twende wakati wa Idi kwa kuwa watu wote huwa nyumbani, na mwingine anasema wakati huo ofisi hazifanyi kazi.

Bi. Mkubwa wa Kibokoni

Wote wawili wamesema kweli, kwa hiyo chukua katikati. Njooni Mfunguo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, sikukuu ikishapita kwa siku kadhaa. Jamaa waliokuja kutoka Uarabuni na Uingereza kwa ajili ya Idi wengine huwa hawajaondoka, harusi huwa zimeanza tena baada ya mwezi wa kufunga, na ofisi huwa zimefunguliwa. Angalieni tu kwamba haiangukii Aprili na Mei, kwa sababu masika ya huku hujaza maji vichochoro, na mtu mwenye magoti mabovu hatapita. Ikiangukia huko, ngojeni Desemba, mwanzoni mwa mwezi, kabla ofisi hazijafunga mwaka na wageni wa sikukuu hawajajaa mjini.

Kutoka Nairobi mpandishe shangazi gari moshi la mchana, asikae kwenye basi usiku kucha. Stesheni iko Miritini, mbali na kisiwa, kwa hiyo pangeni mapema mtu wa kuwapokea. Tafuteni malazi ya chini, si ya ghorofani, kwa kuwa ngazi za nyumba za Mji wa Kale ni za kusimama. Ijumaa msipange kazi yoyote ya ofisi baada ya saa tano.

Na lile la jina la mama mzaa babu, msilitangulize. Shangazi na alitunze moyoni mpaka awe amekaa na wanawake na kuzoeana nao, kisha alitoe kama swali lake mwenyewe, kwa sauti ya ndani. Na mje na majina ya kizazi chote cha Bukoba yakiwa yameandikwa vizuri, wa kiume na wa kike, waliohai na waliofariki, pamoja na picha. Kama watu wenu wapo, nao watakuwa na maswali mengi ya kuwauliza ninyi.